Barua Alizoandika Msomi

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi na halikuwa na haya hata kidogo. Kampuni iliyowatunzia watu barua pepe zao bure kwa zaidi ya miaka ishirini ilisema sasa basi: mwisho wa mwezi masanduku yote ya zamani yatafungwa, na kila kilichomo kitafutwa. Mtaa ulipopata habari ulishika kichwa. Halafu, badala ya kumtafuta mtaalamu, ukakimbilia dukani kwa Modemu.

Modemu ni mwanamke, tena mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, na siku hizi anauza madaftari, rula na sare za shule. Lakini chumba ni kilekile. Zamani hapo palikuwa na kompyuta nne, feni moja, viti visivyolingana urefu, na kimashine cha kuunganisha intaneti kwenye laini ya simu, ambacho kila kikianza kazi kilipiga mayowe yakasikika hadi kwa majirani. Jina alilipata kwa kimashine hicho. Wenye midomo yao walisema hata asingekuwa nacho angelipata tu, maana akikasirika hakuna tofauti.

Nyie wa leo mnaotembea na intaneti mfukoni hamjui kitu. Enzi hizo intaneti ilikuwa mahali. Watu walioga, wakachana nywele, wakavaa viatu vya kutokea, wakaaga nyumbani: "Naenda kwenye intaneti, nikichelewa kuleni." Ukifika unakuta foleni hadi barabarani. Ukipata kiti, ukurasa unafunguka mstari kwa mstari kutoka juu. Picha ya mtu inaanza nywele, unasubiri paji la uso, unasubiri macho, na kabla hujafika mdomoni kuna mjinga anapiga simu dukani kuuliza kama leo kuna nafasi. Laini inakatika, wote mnaanza upya kwenye nywele. Modemu alikuwa akiinua mkono wa simu na kumporomoshea huyo mpigaji maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, halafu anawageukia wateja kwa upole: "Poleni wanangu. Tunaunganisha."

Masanduku ya barua ya mtaa mzima aliyafungua yeye. Tatizo lilikuwa maneno ya siri, ambayo watu waliyasahau kabla hawajafika mlangoni. Basi Modemu akaona isiwe taabu. Akachukua daftari la kurasa mia, akampa kila mtu namba, na neno la siri la kila mmoja likawa jina la mtaa likifuatiwa na namba yake. Nani angeiba? Kulikuwa na nini cha kuiba? Yule bwana anayehojiwa redioni kila wiki kuhusu usalama wa mitandao, anayewafokea watu wabadilishe maneno yao ya siri kila miezi mitatu, ni namba kumi na saba. Alikuja Jumatatu asubuhi amevaa miwani ya jua.

"Namba yako?" Modemu alimuuliza, kwa sauti ya kusikika na foleni yote.

"Shangazi, taratibu basi."

"Taratibu nini! Hukumbuki? Redioni unakumbuka."

Hivyo ndivyo wiki ilivyoanza, na kusema kweli Modemu alikuwa anafurahia. Miaka kumi na tano alikuwa amekaa nyuma ya meza hiyo akiuza vifutio, huku watoto aliowafundisha kushika kipanya wakimweleza yeye intaneti ni nini. Sasa foleni ilikuwa imerudi, na daftari lake lilikuwa mezani, na kila mtu alikuwa mpole.

Jumatano akaja Fundi.

Fundi ni fundi cherehani, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke mwembamba mwenye pini midomoni kutwa nzima. Alikuwa rafiki yake Modemu kwa miaka arobaini. Modemu mume alimtoroka, watoto hakujaaliwa, ndugu zake wanamkumbuka wakiugua. Kwa ufupi, mtu aliyekuwa naye duniani ni Fundi. Siku hiyo Fundi alizitoa pini mdomoni kabla ya kusema, jambo analolifanya akiwa na neno zito.

"Mwenzangu, nataka barua za mwanangu."

"Barua gani?"

"Barua gani tena! Za Msomi. Zote. Nizishike kwenye karatasi kabla hao watu wa kampuni hawajazifuta. Jumamosi anafika."

"Nani anafika?"

"We una nini leo? Msomi! Amepata likizo, amepata na tiketi. Miaka ishirini na miwili, dada. Nataka akae kwenye kochi langu anisomee mwenyewe, kwa sauti yake. Wewe ulinisomea vizuri, sikatai. Lakini wewe si yeye."

Modemu alilifunga daftari lake, akalivuta mbali na Fundi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mtoto wa Fundi alikuwa wa kwanza mtaani kupata nafasi ya kusoma ng'ambo, ndiyo maana akaitwa Msomi hata kabla hajasoma. Kabla hajaondoka Modemu alimfungulia sanduku, namba sita, na mama yake akampa namba saba. Miezi mitano ya mwanzo kijana aliandika barua nane, fupi, kavu, utadhani maneno anayakopa. Kila Jumamosi Fundi alikuja amenawa mikono, akakaa mbele ya kompyuta ya pili, akafumba macho na kusema, "Haya, soma." Kusoma anajua, tena vizuri, ila alisema akiyaona maneno kwenye kioo anaona maneno tu, akifumba macho anamsikia mtoto. Modemu alimsomea, halafu Fundi akatamka majibu, na Modemu akachapa.

Kisha kijana akanyamaza. Jumamosi ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna, ya tano hakuna. Nyumbani mume wa Fundi, dereva wa lori, alikuwa amelazwa kitandani na ugonjwa wa figo, na kila Fundi akirudi alimuuliza, "Kijana kasemaje?" Fundi akawa anajibu laini mbovu. Jumamosi ya tisa alikuja macho mekundu, akakaa, akayafumba, na hakusema hata "soma". Modemu alikuwa ameshachungulia sandukuni asubuhi na alijua ni tupu.

Ndipo alipofanya alichofanya. Alimwambia Fundi asubiri, mashine inapata moto. Akaenda kompyuta ya kwanza, akaandika jina la mtaa na namba sita, akaingia kwenye sanduku la Msomi, na akachapa mistari minne: mama nisamehe kwa kimya, masomo yamebana lakini yanakwenda vizuri, baba mwambie ale hata kama hana hamu, namuwaza. Akaituma. Kutoka kompyuta ya kwanza hadi ya pili ni hatua mbili, lakini barua ilibidi izunguke nchi za watu kwanza, ikachukua dakika nne kufika. Fundi aliposomewa alilia mpaka kibodi ikalowa.

Modemu alijiambia ni mara hiyo moja tu. Zilifika sitini na moja.

Tena tusimwonee, alikuwa na kipaji. Msomi wa Modemu alikuwa mtoto mwema kuliko aliyezaliwa. Alikumbuka goti bovu la mama yake. Aliuliza kama jirani amerudisha sufuria. Alikuwa na mama mwenye nyumba mkali sana, ambaye Modemu alimtunga siku moja ya mvua, na ambaye Fundi alimchukia kwa moyo wake wote. Na dereva wa lori alipofariki, Modemu aliandika barua ya rambirambi kutoka kwa mtoto aliye mbali, akiandika huku kamasi zikimtoka, na barua hiyo ilisomwa msibani mbele ya watu. Madereva waliofanya kazi na marehemu, watu wasioogopa kitu, walitoka nje mmojammoja kwenda kupiga chafya.

Baadaye zikaja simu za mkononi, intaneti ikaingia mifukoni mwa watu, na chumba cha Modemu kikafa kifo cha taratibu. Barua zikakoma. Msomi akaanza kupiga simu, mara mbili kwa mwaka, na Fundi akawa hana raha. "Simu zimeharibu watu," alikuwa akilalamika. "Kwenye barua alikuwa anaongea mpaka unacheka. Kwenye simu anakohoa tu." Modemu alikubali kabisa kwamba simu zimeharibu watu. Kilichomshangaza ni kwamba hakuwahi kuumbuka. Fundi akiuliza, "Na yule mama mwenye nyumba wako?" upande wa pili Msomi alijibu, "Yupo mama, bado mkali." Modemu akasema Mungu amemsitiri, na hakutaka kuchimba zaidi.

Sasa mashimo yalikuwa yanajichimba yenyewe. Mtu akiwekewa mbele ya uso wake barua sitini na moja asizoziandika, atasema tu. Na Fundi, anayefumua suruali nzima kwa kosa la sentimita moja, asingemsamehe. Alhamisi Modemu alisema wino wa printa umekwisha. Fundi akaenda mjini kwa miguu, goti lile lile, akarudi na wino. Ijumaa Modemu alisema sanduku limekataa neno la siri.

"Namba kumi na saba wa redioni kaingia Jumatatu," Fundi alisema, akavuta kiti. "Mimi namba saba nimekataliwa kwa lipi? Jaribu tena. Nakungoja."

Ikabidi aingie. Fundi alipotoka kidogo kumpokea mteja, Modemu aliziteua barua zote, kidole kikakaa juu ya kitufe cha kufuta. Kubonyeza tu. Angesema kampuni imewahi, wote wangeilaani kampuni pamoja. Kabla hajabonyeza akaifungua moja, kuaga tu. Akaifungua ya pili. Kwenye ya tatu mama mwenye nyumba alimgombeza Msomi kwa kukohoa kwa sauti kubwa siku ya mapumziko, na Modemu akajikuta anacheka peke yake dukani kama hamnazo. Hivi mtu anafutaje kitu kizuri namna hii? Akabonyeza kuchapa.

Jumamosi, saa tisa alasiri, Msomi alikuwa kwenye kochi. Kipara, miwani, kitambi kidogo, mikono mikubwa ya mtu wa kazi ambayo hakuna chuo kinachoitoa. Alikuwa ameshakumbatiwa, ameshaliliwa, ameshashonewa kifungo kilicholegea. Modemu alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Fundi alimkabidhi mwanawe rundo la karatasi, akakaa kwenye kigoda cha cherehani, akafumba macho.

"Haya, soma."

Msomi alizitazama karatasi, akamtazama Modemu kidogo sana, akaanza. Alisoma zile nane, akakwamakwama. Alipofika kwenye ya tisa Modemu alishika mkoba kwa nguvu akingoja mvua imnyeshee. Haikunyesha. Msomi alisoma "mama nisamehe kwa kimya" kwa sauti tulivu, akapita, akaingia ya kumi, ya kumi na moja, hakwami tena, anasoma vizuri ajabu. Fundi alitabasamu macho yamefumba. Kwenye ile ya mama mwenye nyumba, sentensi ilikatika mwisho wa karatasi, na Msomi akaimalizia yote hadi nukta. Kisha ndipo akageuza karatasi.

Modemu aliona.

"Ngoja nilete chai," Fundi alisema akifuta macho. "Koo lisije likakukauka."

Alipoingia jikoni, Modemu aliinama mbele. "Umemalizia kabla hujageuza."

"Nimezikariri, shangazi."

"Umezisomea wapi?"

"Sandukuni kwangu. Namba sita. Neno la siri ulinipa mwenyewe."

Miaka minne Modemu aliingia na kutoka kwenye sanduku la watu, na hata siku moja hakuwaza kwamba mwenye sanduku naye ana ufunguo. Kuna siku alikuta majibu ya Fundi yameshafunguliwa kabla yeye hajayafungua. Akasema mashine imepata wazimu, akaipiga kofi.

Hasira zikampanda. "Kama ulikuwa unaingia, kwa nini hukuandika? Mama yako anakauka hapa, una roho gani wewe?"

"Nilikuja kuandika." Msomi alisema chinichini, anaangalia mlango wa jikoni. "Nilifeli mwaka wa kwanza, wakanifukuza, nikawa naosha mabasi. Miezi miwili natafuta ujasiri wa kusema. Siku niliyoupata nikaenda maktaba, pale wanakupa kompyuta nusu saa bure. Nikafungua niseme ukweli. Nikakuta nimeshaandika. Siku mbili kabla. Masomo yanakwenda vizuri. Na mama ameshajibu, baba amefurahi, amemaliza bakuli la supu. Sasa mimi niandike nini, shangazi?"

"Ungeniandikia mimi!"

"Nilisema wiki ijayo. Wiki ijayo nikakuta nyingine, nzuri kuliko ambayo ningeiandika. Ikawa kila Jumatatu naenda maktaba kusoma naendeleaje."

Miaka yote Modemu alijua amefanya kosa, lakini alijua pia kwamba kosa lake liliziba pengo. Sasa anaambiwa mtoto alikuja mlangoni, akakuta mlango umezibwa, na aliyeuziba ni yeye.

Fundi alirudi na sinia. Akagawa vikombe, akakaa, akachambua karatasi kwa kidole chenye sugu za sindano mpaka akapata anayoitaka. Alikuwa ameichomeka pini kwenye kona.

"Sasa hii," alisema. "Ya msiba wa baba yako. Kila mtu aliisikia kwa sauti ya huyu mwenzangu. Nataka kuisikia kwako."

Akafumba macho. Msomi aliishika karatasi. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akajaribu tena, akaiweka mapajani.

"Siwezi, mama."

"Utashindwaje? Si uliandika mwenyewe?"

Modemu alimwona kijana anavyotafuta uongo wa haraka, na akajua angeupata, na wote watatu wangekunywa chai wakaagana vizuri. Akapiga moyo konde.

"Niliandika mimi," alisema. "Nane za mwanzo ni zake. Hizo nyingine zote, na hiyo, ni zangu. Mama mwenye nyumba nilimtunga. Kila kitu nilitunga. Nilianza siku ile ya Jumamosi ya tisa, ulikuja macho mekundu nikashindwa kukuangalia. Halafu nikashindwa kuacha. Sasa nifukuze, nitatoka."

Fundi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifumbua macho, akaweka kikombe chini ya kigoda.

"Miaka minne nilifumba macho nimsikie yeye," alisema. "Kumbe nakusikia wewe."

"Nisamehe, dada."

"Ngoja kwanza. Na majibu yangu? Yale niliyokutamkia ukachapa. Ulikuwa unayatupa?"

"Hata! Nilituma yote. Neno kwa neno."

"Kwa nani?"

Modemu alimtazama Msomi. Hilo halikuwa lake kulijibu.

"Kwangu, mama," Msomi alisema. "Nilisoma yote."

Fundi alimgeukia polepole. "Yote?"

"Yote."

"Na ile niliyokuambia baba yako amekufa?"

"Niliisoma."

"Lini?"

"Jumatatu ile ile."

"Jumatatu ile ile. Tulikuwa bado tumekaa chini kwenye mkeka. Ukanyamaza."

"Nikakuta nimeshajibu, mama," Msomi alisema, akaanza kulia, mtu mzima wa kipara.

Hakuna aliyembembeleza. Fundi alisimama, akavuta droo ya cherehani, akatoa kile kidaftari anachoandikia vipimo vya wateja. Akachana karatasi moja safi, akaiweka juu ya meza mbele ya mwanawe, akaweka na penseli pembeni.

"Mwanangu, baba yako amekufa," alisema, sauti ileile aliyoitumia miaka ishirini nyuma mbele ya kompyuta ya pili. "Nijibu."

Msomi alishika penseli. Aliandika "Mama", akasimama hapo.

Modemu aliona sasa ni mambo ya mtu na mwanawe. Akainuka taratibu, akakumbatia mkoba, akawa ameshagusa kitasa.

"Wewe unakwenda wapi?" Fundi alisema bila kugeuka. "Rudi ukae. Na usimsaidie."